Mtu wa Tatu wa Nether Sallow

Jumatatu, 4 Septemba

Nimepewa kizibao cha njano. Kinabana tumboni, lakini kinang'aa. Nimejitazama kwenye kioo cha ukumbini, mbele na ubavuni. Hedley Sproat, mlinzi wa mwendo wa magari. Si haba kwa mtu aliyeuza mazulia maisha yake yote.

Doria ya kwanza asubuhi, mbele ya posta. Tuko watatu, maana polisi wanataka watu watatu wa kujitolea, si pungufu: mmoja ashike mashine ya kupimia mwendo, mmoja asome namba za gari, mmoja aandike. Polisi ndio wanaompelekea dereva onyo. Mratibu wetu ni Norris Applegarth, mkuu wa stesheni mstaafu, na ameikumbatia mashine kama mtoto mchanga. Mimi nasoma namba. Maud Tickner anaandika. Nikamwuliza Norris kwa adabu kama tunaweza kupokezana mashine. Akasema atalifikiria. Nimesoma darasa moja na Norris. Akisema atalifikiria, ujue limekwisha.

Hatujanasa hata gari moja. Tatizo ni hivi vizibao. Dereva anatokea kilimani mbio, anaona njano, anakanyaga breki, kisha anapita mbele yetu taratibu huku akitupungia mkono. Na sisi, kwa malezi yetu mema, tunampungia. Mwishoni Maud akaandika hali ya hewa, ili karatasi isirudi tupu.

Watu watasema nautaka uratibu wa Norris. Nautaka, ndiyo. Lakini pia kuna suala la Gwenda. Gwenda Stallybrass ni jirani yangu, mjane, na kila asubuhi anavuka barabara hii kwenda kununua mkate. Mwezi wa saba kioo cha pembeni cha gari kilimpokonya kikapu mkononi. Mayai yote chini. Yeye alicheka. Mwanawe Clive, anayeishi Leicester, hakucheka. Amesema barabara isipotulizwa kabla ya Krismasi, mama atahamia kwake, chumba cha juu ya gereji.

Wilaya ina kibao kimoja cha taa, kile kinachomwonyesha dereva mwendo wake na kumkunjia uso akizidisha maili thelathini. Kitakwenda ama kwetu ama Upper Sallow, kwa wale wa kilimani, kutegemea nani atafanya doria mwezi mzima bila kukosa. Doria moja ikipungukiwa mtu, mashine inapanda kilimani, na kibao kinaifuata. Kwa hiyo mambo ni mepesi. Nikilinda barabara, kibao kinakuja, Gwenda anabaki. Njiani namng'oa Norris.

Jumatano, 6 Septemba

Nimepata wazo. Kama madereva wanapunguza mwendo kwa sababu wanatuona, dawa ni wasituone.

Nilivua kizibao, nikaingia ndani ya ua wa miti wa Gwenda, nikakaa kwenye kigoda cha bustani na darubini ya kutazamia ndege. Nilichokiona sitakisahau. Kijiji kizima ni wahuni. Mwuza nyama alipita kama anafukuzwa. Kasisi Marigold Peake, mwanamke anayebariki watoto wetu, alipita mbio akiwahi mazishi, nusura asababishe mengine. Na wote hawa Jumatatu walikuwa wananipungia mkono.

Nilikuwa nanong'ona namba za gari la kasisi nisizisahau, mara nikasikia mtu akikohoa nyuma yangu. Konstebo Tamsin Oddie, askari wa eneo letu, msichana mpole sana, ndiyo maana namwogopa. Akaniuliza kama niko sawa. Nikasema natazama ndege. Akauliza ndege gani. Kwa haraka jina la ndege likanikimbia, nikasema kuku.

"Bwana Sproat," akasema, "tulikubaliana kwenye mafunzo. Hatujifichi. Mlinzi wa mwendo anaonekana, watu wapunguze mwendo. Sisi hatutegi watu, tunawakumbusha tu."

Nikamwambia kukumbusha hakunasi mtu. Akasema ndivyo inavyotakiwa. Vijana wa siku hizi hawana hamu ya mafanikio.

Gwenda aliniona nikitambaa kutoka uani kwake na majani kichwani. Alileta chai na kuondoa majani, moja moja. Ilichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nadhani macho yake yanaanza kuchoka.

Alhamisi, 7 Septemba

Msiba. Maud Tickner ameteguka nyonga akicheza dansi sebuleni. Hatasimama mpaka Oktoba. Norris anasema Jumamosi lazima tuwe watatu, ama anairudisha mashine. Alisema kwa sauti ile aliyokuwa akitangazia kuchelewa kwa treni.

Nimezunguka kijiji kutafuta mtu wa tatu. Hakuna aliyekataa. Hilo ndilo balaa la hapa kwetu, hakuna anayekataa. Mwuza nyama alisema ni wazo zuri sana, tena alishangaa halikufanyika zamani, kisha akarudi ndani na kufunga dirisha. Mwenye baa alisema angependa kupita kiasi. Kasisi Peake aliniambia ataangalia kalenda yake, na macho yake yakawa yanaangalia mlango. Nimeishi hapa miaka yote, najua tafsiri. Wazo zuri sana ni hapana. Angependa kupita kiasi ni hapana kabisa. Kalenda ni usirudi.

Nilipofika nyumbani Gwenda alikuwa ameegemea lango lake.

"Nasikia unatafuta mtu," akasema. "Nina miguu miwili na macho mawili, Hedley. Nipe hicho kizibao."

Nikasema hapana. Nikasema kazi ile inataka mtu mwenye uzoefu. Akauliza uzoefu wa nini. Nikasema wa barabara. Akanitazama. Akasema amevuka barabara hiyo kila siku tangu mimi sijajua kufunga kamba za viatu. Nikasema kuvuka ni tofauti na kusimama. Hapo akanitakia jioni njema na akaondoka. Alifunga mlango polepole kabisa. Afadhali angeubamiza.

Ukweli ni kwamba sitaki asimame pale. Kila gari likitokea kilimani nakiona kile kikapu. Lakini hayo si mambo ya kumwambia mtu langoni.

Ijumaa, 8 Septemba

Mimi ni mtu mwenye akili.

Juma hili ni juma la masanamu. Kila nyumba ya Nether Sallow imeweka langoni sanamu la kutishia ndege, kwa ajili ya mashindano. Mwuza nyama ametengeneza mpishi. Posta wametengeneza nahodha. Kijiji kimejaa watu wa mabua, hakuna anayewatazama mara mbili. Nani atagundua mmoja akisimama kando ya barabara na kizibao cha njano?

Nimemaliza mchana huu. Suruali yangu ya harusi, koti la mvua, kofia, glavu, kizibao cha Maud, na uso wa gunia niliouchora mwenyewe. Masharubu yamenishinda kidogo, upande mmoja unapanda. Nimempa jina Cuthbert. Ni binamu yangu kutoka Shropshire, mtu asiyependa maneno mengi. Nimeyasema mbele ya kioo mpaka nikaanza kuamini. Nimeanza hata kumwonea wivu kidogo, amekuwa na mwili mzuri wa kizibao.

Norris tu ndiye kikwazo. Norris anazijua sheria zote kwa kichwa, na zile ambazo hazijatungwa bado.

Jumamosi, 9 Septemba

Niandike haraka kabla hasira haijapoa.

Nilimfikisha Cuthbert posta kwa toroli, nikamsimamisha kwa ufito wa kutambazia maharage. Norris akaja. Akamtazama Cuthbert kuanzia kofia mpaka viatu. Akazunguka nyuma. Nikasema huyu ni binamu yangu kutoka Shropshire. Norris akatazama mlango wa Gwenda ng'ambo ya barabara.

"Amepata mafunzo?" akauliza.

Nikasema bado.

"Basi asiguse mashine," akasema Norris. Akaandika: watatu. Akamwambia Cuthbert karibu.

Nimemchukia Norris tangu darasa la pili, na kwa dakika chache leo nilishindwa.

Doria ilikwenda vizuri, yaani hatukumnasa mtu. Cuthbert alifanya kazi kuliko sisi. Magari yalipunguza mwendo kumtazama, mengine yakasimama, mama mmoja alishusha watoto wapige naye picha. Konstebo Oddie akafika, akatusalimia watatu, na akasema amefurahi tumepata mtu mpya. Alikuwa na haraka, hakushuka garini. Nikaona tumeshinda.

Ndipo akaja Kasisi Peake na sanduku la riboni. Ni yeye mwamuzi wa mashindano. Aliona sanamu kando ya barabara, akadhani ni la mashindano, na nani angemlaumu. Akamzunguka Cuthbert, akaandika, akatabasamu. Kisha akambandika riboni kifuani. Ya buluu.

Ya pili.

Nikauliza wa kwanza ni nani. Akasema nahodha wa posta. Nahodha! Ana kichwa cha ndoo! Nilipaswa kunyamaza, nalijua hilo sasa. Lakini nilisikia sauti yangu ikisema kwamba nahodha hana hata magoti, kwamba Cuthbert nimemjaza mabua kwa mikono yangu mwenyewe, kiungo kwa kiungo, kwamba nimetoa mhanga suruali ya harusi, na kwamba kama kuna haki katika kijiji hiki basi irekebishwe riboni hiyo mara moja.

Konstebo Oddie alikuwa bado hajaondoa gari. Alishusha kioo.

"Mabua, Bwana Sproat?"

Norris alifumba macho. Konstebo alishuka, akambonyeza Cuthbert tumboni kwa kidole, mabua yakachakarika. Akasema doria ya leo haihesabiki. Nikadhani atatuandikia makosa, lakini alikuwa anajitahidi asicheke, na hilo liliniuma zaidi. Akasema kwa kuwa anatuheshimu atatupa nafasi moja, Jumatatu asubuhi. Watu watatu, wote wenye damu. Vinginevyo mashine inapanda Upper Sallow.

Kasisi hakubadilisha riboni.

Jumapili, 10 Septemba

Clive anakuja kesho. Anakuja na maboksi.

Nimeyasikia kanisani kutoka kwa Norris. Jana Gwenda alimsimulia mwanawe kwa simu habari ya Cuthbert, kama kichekesho. Alicheka mpaka akakohoa. Clive hakucheka. Alisema kama ulinzi wa mama yake umefikia mtu wa mabua, basi hakuna haja ya kungoja Krismasi. Kwa hiyo ni mimi. Nilitaka abaki, na nimemwitia maboksi.

Nikaenda kugonga kwake. Alifungua, hakunikaribisha. Nikamwambia nasikitika kuhusu Clive. Akasema Clive si tatizo.

"Hebu niambie kitu kimoja," akasema. "Ulizunguka kijiji kizima. Mwuza nyama, baa, mpaka kasisi. Ukakosa mtu. Ukaenda kwenye mabua. Mimi nimejitolea mwenyewe, nimesimama langoni, nimekuomba. Ukaona afadhali mabua?"

Nilikuwa na majibu kadhaa. Yote yalikuwa ya kipuuzi. Nikasema naogopa magari. Akasema yeye haogopi. Nikasema ndiyo, mimi ndiye ninayeogopa, kwa niaba yake. Nikasema nyumba ile ikiwa na mtu mwingine sitajua asubuhi imeanza saa ngapi, maana mimi naamka nikisikia birika lake. Sijui kwa nini nilisema la birika. Nilikusudia kusema kitu kuhusu usalama barabarani.

Uso wake ulikuwa na kitu, lakini jua lilikuwa linanipiga machoni. Akasema anatoka, ana miadi na Norris.

Na Norris! Siku ya Jumapili!

Sitaki aende. Nimeliandika, limekaa, haliondoki.

Jumatatu, 11 Septemba

Nilifika posta mapema, mnyonge, bila mpango wowote. Norris alikuwa amefika. Na kando yake, ndani ya kizibao cha Cuthbert, riboni imetolewa, mabua kidogo begani, alisimama Gwenda. Ameshika mashine.

Miadi yao ilikuwa mafunzo. Jana alasiri yote, uwanja wa kanisa, Norris akipita na baiskeli na Gwenda akimpima. Norris anasema ana mkono uliotulia kuliko wowote aliowahi kuuona. Mkono wangu hajawahi kuusifia. Konstebo Oddie alikuja, akamwuliza maswali, akaridhika, akasimama kwa mbali na kikombe cha chai ya posta.

Magari yakapita. Mwuza nyama, polepole, akipunga. Kasisi Peake, polepole, akipunga mikono miwili, jambo ambalo nalo nadhani ni kosa. Nilikuwa nimesimama upande wa barabara, mbele ya Gwenda, kumkinga. Akaniambia nisogee, namziba.

Kisha gari la kijivu likatokea kilimani. Halikupunguza. Mtu wa hapa angejua. Huyu hakujua, alikuja moja kwa moja na mwendo wa mjini, anaongea na simu ya kwenye dashibodi, kiti cha nyuma kimejaa maboksi matupu mpaka juu. Gwenda akainua mashine. Mkono haukutikisika.

"Arobaini na nne," akasema.

Wa kwanza. Wa kwanza tangu tuanze! Nikafungua mdomo nisome namba, lakini Gwenda alikwisha kuanza kuzitaja, herufi kwa herufi, bila kutazama. Norris akaandika mpaka katikati, akasita. Akamwuliza taratibu kama ana uhakika anataka aendelee.

"Andika, Norris," akasema Gwenda. "Mimi ndiye niliyemsaidia kulinunua."

Clive alisimamisha gari mbele kidogo, akaja mbio kwa miguu. Kijana mkubwa, nywele zinaanza kumwacha. Akauliza mama anafanya nini pale barabarani, anataka kuuawa? Gwenda akatazama kilimani. Clive akauliza tena. Gwenda akamgeukia Norris, akamwomba amweleze bwana yule kwamba walinzi hawaruhusiwi kuzungumza na madereva wakati wa doria.

Norris akamweleza. Alifurahi mno, sijawahi kumwona hivyo.

Basi Clive akasubiri. Ilibidi. Alisimama ukingoni, mikono mfukoni, karibu na maboksi yake, wakati mama yake anapima magari. Konstebo Oddie akampa nusu ya mkate wake wa siagi na akamwarifu kwa upole kwamba atapokea barua ya polisi nyumbani. Kila gari lililokuja Clive alikuwa anarudi nyuma hatua moja. Baadaye nikamsikia akimwambia Konstebo kwamba hapa wanaendesha vibaya sana. Konstebo akasema, wengine, ndiyo.

Doria ilipokwisha Gwenda alivua kizibao, akamkumbatia mwanawe, akampangusa mabua yaliyomwingia kolani, akasema chai iko tayari. Walikaa ndani muda mrefu. Nilikuwa napalilia upande wangu, karibu na dirisha, kwa bahati. Clive alisema hakujua alikuwa anakwenda mbio hivyo. Gwenda alisema hakuna anayejua, ndiyo maana wanasimama pale. Clive akasema sawa, lakini hawezi kulala akimfikiria mama yake peke yake kwenye barabara ile. Gwenda akasema hayuko peke yake, na akanyoosha kidole dirishani.

Niligeuka kutazama anamwonyesha nani. Hapakuwa na mtu. Nilikuwa mimi tu na jembe.

Clive ameondoka na maboksi yake, matupu kama yalivyokuja. Niliposikia injini yake ikipanda kilima polepole, polepole kabisa, nilikaa chini kwenye vitunguu. Gwenda anabaki. Nililia kidogo. Vitunguu.

Jumanne, 12 Septemba

Nimelala vizuri, nimeamka na birika lake, na sasa naona mambo kwa uwazi.

Kwanza, mpango wangu umefaulu. Bila Cuthbert, Clive asingekuja. Bila Clive, tusingemnasa mtu. Niliyaona yote hayo tangu mwanzo, kwa namna fulani. Kuhusu kibao, Konstebo anasema mwezi bado mrefu na Upper Sallow nao bado wanaingoja mashine. Gwenda anasema kije kisije, yeye haendi kokote.

Pili, uhaini. Norris amejiuzulu uratibu leo asubuhi. Kwa hiari! Nilikuwa nimekwisha kuandaa hotuba ya kukubali. Akamkabidhi mashine Gwenda, mbele ya posta, na watu wakapiga makofi, na nadhani hata mimi nilipiga, kwa mazoea. Mratibu ni Gwenda Stallybrass. Mimi nasoma namba. Nilimwuliza kwa adabu kama tunaweza kupokezana mashine. Akasema atalifikiria.

Hivi ndivyo urafiki unavyoharibiwa na madaraka. Haitakiwi kuendelea. Ninao mpango, na safari hii hauna dosari, kwa sababu yeye mwenyewe amenifungulia mlango. Amenialika chakula Alhamisi, nyumbani kwake. Sisi wawili tu, amesema, tena ameninunulia ile jibini ninayoipenda. Hajui anamkaribisha nani. Nitakula, nitamsifu, nitamchekesha, nitamwacha aniamini kabisa, na polepole, hata ikichukua miaka, nitamwondoa kwenye kile cheo.

Nitavaa shati la kijani, lile analosema linanipendeza. Hatashuku kitu.